Asili ya Neno Shule, na Jinsi Lilivyofika Karagwe

Sisi watu wa Karagwe twasikia majina matatu ya mahali watoto wanapofundishwa kusoma na kuandika. Kwa lugha ya nyumbani, Runyambo, twasema eishomero, kama wasemavyo ndugu zetu wa Ankole upande wa kaskazini. Kwa Kiswahili twasema shule. Na jirani zetu wa magharibi, ng'ambo ya mto Kagera, husema ishuri. Katika majina hayo matatu, mawili ni neno moja, tena ni neno la mbali: shule na ishuri asili yake ni Uyunani, nalo lilizunguka karibu Ulaya yote kabla ya kutufikia. La tatu, eishomero, lina umbo la kwetu, lakini nalo lina safari yake.

Mwalimu hulitaja neno shule kila siku, wala haulizi limetoka wapi. Twaona yafaa kuuliza, kwa sababu mbili. Kwanza, neno hili ni mfano mwema wa jinsi maneno yanavyosafiri na kuvaa mavazi ya kila nchi. Mwenye kufundisha lugha atapata faida humo. Pili, husemwa mara kwa mara, hata na watu wenye elimu, ya kuwa kwa sababu jina la shule ni la kigeni, basi mafundisho yenyewe yalikuwa mageni, yaani wazee wetu hawakufundisha kitu. Usemi huo twataka kuupima kwa historia ya neno lenyewe, kwa maana historia hiyo yatosha kutujibu.

I. Maana ya kwanza

Wayunani wa kale walisema skhole. Shina lake ni lile la kitenzi chenye maana ya kushika na kuzuia. Kwa hiyo skhole kwanza ilikuwa kujizuia, yaani kuacha kazi kwa kitambo, kupumzika, kuwa na nafasi. Haikuwa nyumba, wala haikuwa na mwalimu, wala haikuwa na kengele. Shughuli na kazi waliiita askholia, maana yake kukosa nafasi. Warumi nao walifikiri vivyo hivyo: nafasi waliiita otium, na shughuli negotium, yaani kitu kisicho nafasi. Kwetu kazi ina jina lake lenyewe, wala hatuielezi kwa kukanusha kitu kingine. Lakini kwao nafasi ndiyo iliyokuwa msingi, na kazi ndiyo iliyokuwa upungufu. Mwalimu wao Aristoteli alifundisha ya kuwa watu hushughulika ili baadaye wapate nafasi.

Je, neno la kupumzika lilipataje kuwa neno la kufundisha? Lilibadilika kwa hatua, na kila hatua ni nyepesi kuifahamu. Mtu aliye na nafasi huzungumza na wenziwe. Basi skhole ikawa mazungumzo ya watu wasiobanwa na kazi. Mazungumzo yakawa ya maana, watu wakahojiana juu ya haki na juu ya ulimwengu. Basi skhole ikawa mahojiano na hotuba. Wasikilizaji wakamzoea mwenye hotuba mmoja, wakakaa kwake. Basi skhole ikawa kundi la wafuasi wa mwalimu fulani. Mwisho kundi likapata mahali pake, na jina la kundi likawa jina la mahali. Jambo la kuangalia ni kwamba jengo ndilo lililokuja mwisho.

Warumi walipolichukua neno, wakalifanya schola, walikuwa tayari na neno lao la mahali pa kufundishia watoto wadogo. Waliita ludus, na maana yake ya kwanza ni mchezo. Mwalimu wa watoto aliitwa ludi magister, bwana wa mchezo. Hivyo mataifa mawili makubwa ya kale yaliita kazi yetu hii kwa majina ya mapumziko na ya mchezo. Mtoto aliyepigwa fimbo kwa kukosea hesabu asingeliamini.

II. Neno hili katika Maandiko

Wasomaji wetu wengi ni watu wa Maandiko, na wako wanaosoma Kiyunani, kwa hiyo tutazame jinsi neno hili linavyotumika humo. Katika Agano Jipya skhole yapatikana mara moja tu, katika Matendo ya Mitume, mlango wa 19, mstari wa 9: mtume Paulo alihojiana na watu kila siku katika skhole ya Tirano, mjini Efeso. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili waliweka hapo neno darasa, nao walifanya vema, kwa maana katika mahali pale neno lilikuwa limekwisha kufika hatua yake ya mwisho: ni mahali pa kufundishia.

Lakini kitenzi chake, skholazo, bado kilishika maana ya zamani. Katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 7, kinatumika kwa mume na mke wanaojipa nafasi ya kusali. Katika Injili ya Mathayo, mlango wa 12, kinatumika kwa nyumba: yule pepo aliyetoka anarudi na kuiona nyumba i tupu, imefagiwa, imepambwa. Neno hilo "tupu" ni skholazo. Msishangae ya kuwa neno moja lina maana ya utupu na ya nafasi. Kiarabu ni vivyo hivyo, kwa maana shina lililotupa neno letu faragha lina maana ya kuwa tupu na ya kuwa na nafasi pia. Na Kilatini vacare ni kuwa tupu na kuwa na nafasi, ambako ndiko Wafaransa walikopata jina lao la likizo.

Na katika Agano la Kale la Kiyunani, lile liitwalo la Wafasiri Sabini, kitenzi hiki kiko mahali pawili panapostahili kuwekwa pamoja. Katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 5, Farao anawakemea Waisraeli waliotaka kwenda kumtolea Mungu dhabihu, awaita wavivu. Neno analotumia kwa Kiyunani ni skholastai, yaani watu wenye nafasi mno. Katika Zaburi ya 46, mstari wa 10, kitenzi kile kile kimewekwa kinywani mwa Mungu: watu waache shughuli zao wapate kujua. Farao alitumia neno hili kuwa tusi, na Zaburi yalitumia kuwa amri. Twawaomba wasomaji wakumbuke tofauti hiyo, maana tutairudia mbele.

III. Safari ya neno katika Ulaya

Kutoka Kilatini neno schola lilienea pamoja na dola ya Warumi, kisha pamoja na makanisa na nyumba za watawa, ambako vitabu viliandikwa na watoto walifundishwa. Kila taifa lililipokea kwa ulimi wake. Waitalia husema scuola, Wareno escola, Wahispania escuela, Wafaransa école. Waingereza husema school, Wajerumani Schule, Waswidi skola, Wadenmaki skole. Wairish husema scoil, na watu wa Wales husema ysgol. Wapolandi husema szkoła, na Warusi shkola. Wahungaria, ambao lugha yao si ya ukoo mmoja na hizo nyingine, husema iskola. Na Wafini, walio jamaa zao wa mbali, husema koulu.

Mwenye kufundisha Kiswahili aangalie mwanzo wa maneno hayo, ataona jambo analolijua. Ndimi nyingi hazipendi konsonanti mbili zifuatane mwanzo wa neno. Mhispania hutia e mbele, mtu wa Wales hutia y, Mhungaria hutia i, na Mfini huitupa s kabisa. Mfaransa alifanya kazi mara mbili: kwanza alitia e akasema escole, halafu baada ya karne nyingi akaiacha s, na alama iliyo juu ya e ya kwanza ndiyo kumbukumbu yake. Basi wale wanaocheka Mwafrika anapotia vokali katika neno la Kizungu, na wajue ya kuwa Wazungu wenyewe walifanya hivyo kwa Kilatini.

Tena liko jambo la sk na sh. Zamani Wajerumani walisema scuola kwa sauti ya sk, lakini katika lugha yao kila sk ya mwanzo iligeuka kuwa sh, na neno hili likageuka pamoja na mengine. Waingereza nao waligeuza sk yao ya asili kuwa sh, katika neno lao la samaki na la kiatu na la merikebu. Lakini school haikugeuka, kwa kuwa Kilatini na Kifaransa viliendelea kuishikilia. Tofauti hiyo ndogo, iliyotokea kaskazini ya Ulaya karne nyingi zilizopita, ndiyo inayotenga leo mtu wa Dar es Salaam na mtu wa Unguja, kama tutakavyoona.

Maana nayo ilisafiri. Wayahudi wa Ulaya waliosema Kiyidi, lugha iliyotoka katika Kijerumani cha zamani, waliita sinagogi yao shul, kwa sababu ndimo walimosali na ndimo walimosoma Torati. Tena tuonyane hapa: Waingereza wanalo neno lenye herufi zile zile, school, kwa kundi la samaki. Hilo ni neno jingine kabisa, lilitoka kwa Waholanzi, na maana yake ni kundi. Maneno mawili kufanana si ushahidi wa udugu; sharti mtafutaji aonyeshe njia yaliyopita.

Si kila taifa lililoazima. Walituania husema mokykla, kutoka kitenzi chao cha kufundisha. Waturuki zamani walitumia mektep, kutoka shina la Kiarabu la kuandika, lile lile lililotupa kitabu, katibu na maktaba. Katika miaka ya 1930, walipokuwa wakitengeneza lugha yao upya, waliweka okul, kutoka kitenzi chao oku, kusoma. Nao waliona vizuri ya kuwa sauti yake yakaribia école ya Wafaransa. Hili la Waturuki lina mfano wake kwetu, kama tutakavyosema katika habari ya eishomero.

IV. Neno lilipoingia katika lugha za Kibantu

Lilipofika Afrika neno hili lilikutana na kitu ambacho Ulaya hakikuwako: ngeli. Katika lugha zetu jina halina budi kukaa katika ngeli yake, nayo ngeli hujulikana kwa mwanzo wa neno. Kwa hiyo jina geni likija, masikio yetu hutafuta mwanzo wake.

Waxhosa walipolisikia school kwa Waingereza, walisema isikolo, na Wazulu isikole. Kisha s ile ikaonekana kuwa ni sehemu ya kiambishi isi, na wingi wake ukawa izikolo na izikole. Wasotho wamesema sekolo. Washona wamekwenda mbali zaidi: wamesema chikoro, na wengi zvikoro. Hapo s ya Wayunani imepotea kabisa, na neno limekaa katika ngeli ile ambayo kwetu Waswahili ni ya ki na vi. Asicheke Mswahili, kwa maana yeye ndiye aliyepokea kitab ya Waarabu, akaisikia ki yake kuwa kiambishi, akasema kitabu na vitabu. Wachewa wao wametia vokali tu wakasema sukulu, na Wakikuyu husema cukuru.

Rwanda na Burundi zilikuwa chini ya utawala wa Wajerumani mpaka mwaka 1916, na huko neno lilitoka kwa Schule. Wanyarwanda walitia i mbele, wakageuza l kuwa r, wakasema ishuri, na kwa kuwa mwanzo huo wafanana na wa majina ya ngeli ya ji na ma, wingi wake ni amashuri.

Na Kiswahili je? Kiswahili hakikuhitaji kulitengeneza neno. Tazama Schule kama inavyotamkwa: shu, kisha le. Silabi mbili, kila moja yaishia kwa vokali, wala hakuna konsonanti mbili mwanzoni. Kana kwamba Wajerumani walikuwa wamekwisha kulitayarisha kwa ajili yetu. Likaingia katika ngeli ya n, ambako umoja na wingi ni sawa, nasi twasema shule hii na shule hizi.

V. Chuo, skuli na shule

Tusidhani ya kuwa kabla ya hapo pwani hakukuwa na jina. Waswahili wa kale walisema chuo, na maana yake ya kwanza ilikuwa kitabu. Chuoni palikuwa mahali pa kitabu, ambapo watoto walisoma Kurani, na mwenye elimu nyingi aliitwa mwanachuoni, kama aitwavyo hata leo. Walikuwa pia na madrasa na darasa, yote mawili kutoka shina moja la Kiarabu lenye maana ya kusoma na kujifunza. Basi Wazungu walipokuja hawakukuta mahali patupu. Walileta namna nyingine ya mafundisho, yenye ubao na madawati na vyeti, na watu wakaona vema kuitenga kwa jina jipya. Chuo hakikufa, kilihama. Leo ni jina la mahali pa mafundisho ya juu, na chuo kikuu ni mahali pa juu kuliko pote.

Jina jipya lilitegemea bendera. Unguja iliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka 1890, na huko watu wakapokea school, wakasema skuli. Bara ya Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Katika miaka ya 1890 walifungua shule za serikali pwani, na ya Tanga ikapata sifa kuliko nyingine. Waliosoma huko wakatumwa bara kuwa makarani na walimu na maakida, nao wakachukua neno shule pamoja na Kiswahili chao. Vita ilipokwisha, utawala wa Wadachi ulikuwa umekwisha pia, na Waingereza wakaingia na school yao. Lakini shule haikuondoka. Ilikuwa imekwisha kuwa neno la Kiswahili, wala watu hawakukumbuka tena mwenyewe. Hata Kenya, ambako Waingereza ndio waliotawala, leo husema shule. Vitabu vya Kiswahili Sanifu, vilivyosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930, vilisomwa katika nchi zote.

Maneno ya Kijerumani yaliyobaki katika Kiswahili ni machache sana. Pamoja na shule, linalojulikana zaidi ni hela, kutoka Heller, senti iliyoletwa mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Heller nayo ilipata jina kwa mji wa Hall katika Ujerumani, ilikofuliwa zamani. Utawala wa Wadachi wote, na majeshi yake na ngome zake, umeacha katika vinywa vyetu maneno haya mawili hasa: shule na fedha.

VI. Eishomero

Sasa turudi Karagwe. Nchi hii haikuwa imefungwa kabla ya Wazungu. Speke na Grant walipokaribishwa na Omukama Rumanyika huko Bweranyange mwaka 1861, wafanya biashara wa pwani walikuwa wamekwisha kupita njia hiyo kwenda Buganda. Na Stanley alipofika mwaka 1876 aliwakuta katika kituo chao cha Kafuro. Pamoja na nguo na shanga watu hawa walikuwa na kitabu chao, na kitenzi cha kusoma.

Kitenzi hicho kilipata nguvu kuu Buganda. Walioshika Uislamu, na baada ya mwaka 1877 na 1879 walioshika mafundisho ya wamisionari wa Kiprotestanti na wa Kikatoliki, wote waliitwa abasomi, wasomaji. Kusoma kukawa jina la kushika dini. Kutoka huko desturi hiyo ilishuka kwetu, na katika lugha zetu, ambazo hutamka sh mahali pa s hiyo, ikawa okushoma. Mpaka leo mzee akisema fulani hashomi, huenda maana yake si kwamba hajui herufi, bali kwamba haendi kanisani. Wamisionari wa Kikatoliki walipoanza Kashozi katika Buhaya mwaka 1892, na wale wa Bethel walipofika Bukoba mwaka 1910, neno hili lilikuwa tayari kuwapokea.

Umbo la eishomero lastahili kuangaliwa na walimu. Chukua okushoma, tia kiungo cha kutendea, upate okushomera, kusomea, badili mwisho kuwa o, upate jina la mahali tendo linapotendekea. Hivi ndivyo Waganda walivyopata essomero. Hivi ndivyo wenye kusema Lingala walivyopata eteyelo, kutoka kitenzi chao cha kufundisha. Hivi ndivyo Kiswahili kilivyopata kimbilio na tegemeo. Na Waarabu, kwa njia yao ya kutia ma mbele, walipata madrasa vivyo hivyo. Eishomero basi ni neno la ukoo bora: limejengwa kwa fundi wa nyumbani, ingawa tofali moja lilichukuliwa njiani. Yeyote alisikiaye hulifahamu mara moja, lakini shule haimwambii mtu kitu mpaka afundishwe maana yake.

VII. Jina la kuazima laonyesha nini?

Tuupime sasa ule usemi tuliotaja mwanzo. Kama jina geni ni ushahidi wa ujinga wa zamani, basi Warumi walikuwa hawafundishi watoto kabla ya kuazima schola. Lakini twajua walikuwa na ludus. Na Waingereza na Wajerumani na Warusi wote walikuwa wajinga, maana wote waliazima jina hili. Hakuna asemaye hivyo juu yao. Kwa nini basi isemwe juu yetu? Jina la kuazima laonyesha kwamba namna fulani ya mafundisho, yenye utaratibu wake, ilitoka mahali fulani. Halionyeshi kwamba kabla yake hakuna aliyefundisha.

Tukitaka kujua kama watu walifundishana, tusitazame jina la nyumba, tutazame kitenzi. Lugha zetu zina okwega, kujifunza, na okwegesa, kufundisha. Kitenzi hiki si cha kuazima. Ni cha ukoo wote wa Kibantu: Wanyarwanda husema kwiga, Waganda okuyiga, na Kiswahili kinacho katika iga, yaani kufuata mfano wa mwingine. Humo mna fikira nzima ya kufundisha: mwanafunzi humtazama anayejua, akafanya kama yeye. Wahunzi walijifunza hivyo. Katika nchi jirani ya Buhaya wachimbaji wa mambo ya kale wameona matanuri ya kuyeyushia chuma yaliyotumika zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Na hapa Karagwe Stanley aliandika habari za hazina ya mfalme, yenye mifano ya wanyama na ndege iliyofuliwa kwa shaba. Kazi kama hizo hazifanywi na mtu asiyefundishwa, wala hazidumu vizazi vingi bila mwalimu. Hawakuwa na shule. Walikuwa na okwegesa.

Lakini haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Kuiga kunahifadhi, hakuulizi sana. Wayunani waliacha kazi ili wahojiane, hata mwanafunzi akaweza kumpinga mwalimu wake. Hicho ndicho kitu ambacho neno skhole lilikichukua ndani yake, na shule nyingi, za Ulaya na za kwetu, zimekipoteza njiani zikabaki na jengo tu.

VIII. Nafasi ya mtoto

Hapa historia ya neno yagusa maisha yetu. Wayunani walipata nafasi, ndiyo, lakini waliipataje? Shamba lililimwa na watumwa, na nyumba ilitunzwa na wanawake, ambao kwa kawaida hawakuketi kuhojiana. Nafasi ya mmoja ilikuwa kazi ya mwingine. Kanuni hiyo haijabadilika. Hapa Igurwa na vijijini mwote mwa Karagwe na Kyerwa, mtoto akiwa shuleni, ng'ombe watachungwa na nani? Maji yatatekwa na nani, na maharagwe na kahawa vitavunwa na nani? Iko familia inayojibu kwa kumpeleka mvulana shuleni na kumwacha msichana nyumbani, nayo imefanya kama Waathene bila ya kuwajua.

Serikali imetenda mengi. Mwaka 1974 azimio la Musoma lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi, na tangu mwaka 2016 ada imeondolewa mpaka kidato cha nne. Fedha ilikuwa mzigo mzito, na kuondolewa kwake ni jambo la shukrani. Lakini ada ya kwanza, ile iliyo ndani ya jina lenyewe, haiwezi kuondolewa na serikali yo yote: ni nafasi. Hiyo hulipwa na baba aamkaye kuchunga mwenyewe, na mama atekaye maji akiwa amechoka, ili mwana wao aketi.

Wako wazee wasemao ya kuwa shule huwafanya vijana wavivu, wakae tu na vitabu. Tusiwajibu kwa dharau, maana wao ndio wanaolipa ile ada. Lakini tuwaonyeshe kwa upole ya kuwa neno hilo ni la Farao, naye alilisema kwa sababu alitaka matofali yake. Nafasi iliyotolewa ili mtu apate kujua si uvivu.

Na sisi walimu tusijihesabie haki upesi. Kama mzazi ametoa nafasi ya mtoto, halafu sisi tukaichukua kwa kulimisha mashamba yetu wenyewe, au tukaiacha ipite bure kwa kuchelewa na kwa kutojitayarisha, tumemwibia mzazi na mtoto pamoja. Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967 ilitaka kazi ya mikono iwe sehemu ya kujifunza. Haikumpa mwalimu watumishi. Tukumbuke pia ile nyumba ya Injili, iliyofagiwa na kupambwa nayo i tupu. Kumtenga mtoto na kazi ni kuifanya nyumba hiyo tupu. Nayo haikai tupu siku nyingi. Asipowekwa mwenyeji mwema, wataingia wengine.

Basi tuyashike majina yote mawili. Shule yatuunganisha na mataifa, na ndani yake mna neno la nafasi ambalo watu wa Ulaya wenyewe wamelisahau. Eishomero yatuambia kazi inayotendeka humo, kwa lugha ambayo bibi ya mtoto aifahamu. Mwalimu na ayafundishe yote mawili pamoja na asili yake, mtoto ajue ya kuwa jina la mahali aketipo limetoka mbali, na kwamba kuketi kwake hapo kumegharimiwa na mtu aliye karibu.